Je, ugomvi wa kisiasa uliwasaidia wachapishaji wa katuni wa Marekani kuwanyonya wachoraji?

Mwalimu wa Kisauni

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia kikundi cha vijana wanaojifunza kuchora hadithi za picha hapa Mombasa. Wengi wao waliipenda kazi hii kupitia filamu za mashujaa wa Marekani, na sasa wanataka kujua walioumba mashujaa hao walikuwa nani na waliambulia nini. Katika kuwaandalia mjadala nimeona kwamba waandishi husimulia habari mbili, kila moja kivyake, kana kwamba hazikutokea katika ofisi zilezile na kwa watu walewale.

Habari ya kwanza ni ya unyonyaji. Jerry Siegel na Joe Shuster wa Cleveland walimuuza Superman mwezi Machi 1938 kwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa wa hadithi yenye kurasa 13, nao wakaingia uzeeni katika dhiki ilhali mhusika wao aliendelea kuwatajirisha wengine. Habari ya pili ni ya siasa. Captain America alimtandika Hitler konde la taya kwenye jalada la toleo lake la kwanza, lililoingia sokoni mwishoni mwa 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Seneti iliketi kuchunguza iwapo katuni ndizo zinazowaharibu watoto. Na katika miaka yetu hii wasomaji wanashambuliana kwa sababu ya rangi, jinsia na dini za wahusika.

Ninachotaka kujua ni kama habari hizi mbili zina uhusiano wowote. Je, ugomvi wa kisiasa ulikuwa na mkono katika kuwadhoofisha wachoraji, au yalikuwa mambo mawili yaliyokutana njiani tu? Vilevile, sheria ya hakimiliki inasemekana kuwa ipo kwa ajili ya kumlinda mtunzi. Ilikuwa wapi muda wote huo? Na je, ni haki kusema kwamba watu hawa walidhulumiwa ilhali mikataba waliitia saini kwa mikono yao wenyewe? Naomba majibu yenye visa na miaka, maana vijana wangu hawaridhiki na lawama za jumla.

Wino Mkavu

Mwalimu, mambo hayo mawili yameshikamana, na mahali yanaposhikana panajulikana: ni mwaka huohuo wa 1954. Lakini inafaa kurudi nyuma kidogo kwanza.

Siegel na Shuster walitia saini, hilo halina ubishi. Walikuwa na umri wa miaka 23, walikuwa wameizungusha hadithi yao kwa miaka kadhaa bila kupata mnunuzi, na desturi ya soko ilikuwa kwamba anayelipwa kwa ukurasa huuza kila kitu kilichomo ndani ya ukurasa huo, mhusika akiwemo. Kwa muda walilipwa vizuri kwa kuendelea kumchora. Walipofungua kesi mwaka 1947, mwaka uliofuata walikubali suluhu ya dola 94,000 hivi, wakapoteza kazi, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi. Kwangu mimi kuondolewa kwa majina ndiyo adhabu iliyokuwa nzito kuliko zote, kwa sababu mchoraji anayelipwa kwa ukurasa hana akiba nyingine isipokuwa jina lake. Walikaa hivyo hadi Desemba 1975, filamu kubwa ya Superman ilipokuwa ikiandaliwa, ndipo wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson walipowasimamia wazee hao mbele ya waandishi wa habari, na kampuni ya Warner, iliyokuwa inammiliki Superman, ikakubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarudisha majina yao. Fedha hizo hazikutokana na hukumu ya mahakama; kampuni iliogopa aibu.

Sasa tuje kwenye siasa. Tangu miaka ya 1940 palikuwa na wazazi, mapadri na walimu waliozilaumu katuni, na katika baadhi ya miji mwaka 1948 watoto walikusanywa kuzichoma moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawafundisha watoto uhalifu, na mwezi Aprili mwaka huo kamati ndogo ya Seneti iliketi New York. Seneta Estes Kefauver aliinua jalada lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza mchapishaji William Gaines kama hilo ni jambo la staha, na Gaines akajibu kwamba kwa jalada la hadithi ya kutisha ni la staha. Jibu hilo lilimmaliza.

Waandishi wengi hukieleza kisa hiki kama mapambano ya uhuru wa kusema, nami sipingi, ila ni wachache wanaotazama nani alibaki na soko baada ya hapo. Serikali haikutunga sheria yoyote. Wachapishaji wenyewe waliunda chama chao, na mwezi Oktoba 1954 wakapitisha kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi yao. Jarida lisilo na muhuri wa ofisi hiyo lilikataliwa na wasambazaji wengi. Kanuni zilikataza maneno kama “hofu” na “kitisho” katika majina ya majarida, na majarida yaliyompa Gaines faida ndiyo hasa yaliyokuwa na majina hayo. Mkuu wa chama alikuwa John Goldwater wa kampuni ya Archie, ambaye bila shaka hakusikitika kuona mshindani akifunga virago. Mwaka 1956 ofisi hiyo ilipinga hadithi ya Gaines yenye mwanaanga Mweusi ambaye sura yake huonekana katika picha ya mwisho tu. Gaines aligoma kubadilisha rangi yake, akaichapisha ilivyo, kisha akaachana na katuni za aina hiyo akabaki na jarida la Mad. Kwa hiyo udhibiti uliokuja kwa jina la watoto uligusa pia suala la rangi.

Katika miaka miwili hivi idadi ya majarida ilipungua kwa zaidi ya nusu, na mamia ya wachoraji, waandishi na wapaka rangi waliiacha kazi hiyo wasirudi tena. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, na mfano bora ninaoujua ni Jack Kirby.

Kirby hakuwa kijana asiyejua mambo. Yeye na Joe Simon ndio waliomuumba Captain America, na kwa masimulizi ya Simon waliahidiwa sehemu ya faida na mchapishaji Martin Goodman, kisha wakagundua kwamba gharama za kampuni nzima zilikuwa zikikatwa kwenye jarida lao ili faida ionekane ndogo. Waliondoka. Mwaka 1954 walianzisha kampuni yao wenyewe, Mainline, ili wamiliki walichokichora. Ni mwaka mbaya kuliko yote ambao wangeweza kuuchagua. Msambazaji wao, Leader News, ndiye aliyekuwa akisambaza pia majarida ya Gaines, na dhoruba ilipompiga Gaines ikamwangusha msambazaji, na msambazaji akawaangusha na wao. Goodman naye alipoteza msambazaji wake mwaka 1957, akalazimika kusambaziwa na kampuni iliyokuwa chini ya wamiliki wa DC, wachapishaji wa Superman, kwa masharti ya kutoa majarida manane tu kwa mwezi. Kirby aligombana na mhariri mmoja wa DC hadi mahakamani, mlango huo ukafungwa. Mwaka 1958 alirudi kwa Goodman, kampuni ambayo baadaye iliitwa Marvel, akiwa na familia ya kulisha na bila mahali pengine pa kwenda.

Kuanzia 1961 alichora Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men na, mwaka 1966, Black Panther. Utaratibu wa Marvel ulikuwa kwamba Stan Lee, mhariri na mwandishi wa kampuni, na mchoraji wanazungumza kidogo kuhusu hadithi, au hawazungumzi kabisa. Mchoraji anatunga mwenendo wa hadithi nzima kwa picha. Kisha Lee anaandika maneno na kulipwa kama mwandishi. Mchoraji alilipwa kwa kuchora tu. Mchoraji Wally Wood, aliyewahi kufanya kazi kwa Gaines, aliondoka Marvel kwa sababu hiyohiyo, akisema kwamba hawezi kuandika bila kulipwa. Kirby hakuondoka mapema kama Wood, na usisahau kwamba wanunuzi wa kurasa zake walikuwa wamebaki wachache mno.

Duka la Kona

Ndugu Wino, umeeleza kwa ufasaha, lakini naona mchapishaji hapewi nafasi ya kujitetea. Aliyelipia karatasi, wino na usafirishaji ni yeye. Nakala ambazo hazikuuzwa zilirudishwa kwake, na hasara ilikuwa yake peke yake. Mchoraji alikuwa ameshapokea malipo ya kurasa zake, jarida liuzwe lisiuzwe. Kwa kila Superman mmoja palikuwa na mashujaa wengi waliosahauliwa ndani ya mwaka mmoja, na hakuna mchoraji aliyerudisha dola 10 zake kwa sababu mhusika wake hakupendwa.

Isitoshe, wakati ule hakuna aliyeiona kazi hii kuwa sanaa. Stan Lee mwenyewe alizaliwa Stanley Lieber, na alieleza kwamba alilihifadhi jina lake halisi kwa ajili ya riwaya kubwa aliyotarajia kuiandika siku moja. Mtu anayeuza kitu anachokionea haya hukiuza kwa bei ya chini, na mnunuzi hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Wino Mkavu

Hoja ya hasara ninaikubali kwa toleo la kwanza. Kwa toleo la mwaka wa 30 siikubali, kwa kuwa hapo mchapishaji hakuwa akibahatisha tena, na bado malipo yalikuwa yaleyale ya ukurasa, bila mrabaha kwa nakala zilizochapishwa upya na bila senti kwa vikaragosi, fulana na vipindi vya televisheni. Katika miaka ya 1960 waandishi wakongwe wa DC, miongoni mwao Bill Finger na Gardner Fox, waliomba bima ya afya na mafao mengine. Wengi wao walijikuta hawapewi kazi tena. Hawakuwa wakidai umiliki wa Batman; walitaka waweze kwenda hospitali.

Na kuhusu kuionea haya kazi hii, Duka, nakuunga mkono kwa sehemu. Lakini haya hiyo ilitoka wapi? Baada ya 1954 mtu aliyesema hadharani kwamba anachora katuni alitazamwa kama anayewauzia watoto sumu. Bernard Krigstein alijaribu kuunda chama cha wachoraji mwanzoni mwa miaka ya 1950, nacho kikafa upesi. Nchi ambayo wakati huo ilimshuku kila mwenye kutamka neno “chama” kuwa ni mkomunisti haikuwa mahali pepesi pa kazi hiyo.

Wakili wa Mrima

Mwalimu, salaam kutoka Tanga. Sheria ilikuwepo, tena ilikusudia mema, ila kila mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtunzi ulipata mtu wa kuusukuma ufungwe.

Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, hakimiliki ilidumu miaka 28 na ingeweza kuhuishwa kwa miaka 28 mingine. Lengo la kipindi cha pili lilikuwa kumpa mtunzi nafasi ya kuuza upya baada ya thamani ya kazi yake kujulikana. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu, katika shauri lililohusu wimbo, iliamua kwamba mtunzi anaweza kukiuza kipindi cha pili hata kabla hakijafika, na tangu hapo mnunuzi mwenye akili alikidai katika mkataba wa kwanza. Siegel na Shuster walipokidai kipindi cha pili cha Superman walishindwa, na rufaa yao nayo ikaanguka mwaka 1974.

Bunge lilijaribu tena kwa sheria ya 1976, iliyoanza kutumika 1978. Kwa kazi za zamani, mtunzi au warithi wake walipewa haki ya kusitisha uhamisho baada ya miaka 56, hata kama mkataba unasema vinginevyo. Mwanya mmoja uliachwa: haki hiyo haihusu kazi iliyofanywa kwa ajira au kwa agizo, kwa kuwa hapo sheria humhesabu mwajiri kuwa ndiye mtunzi tangu mwanzo. Ndiyo maana mwaka 1978 Marvel iliwataka wachoraji watie saini karatasi inayosema kwamba kila walichochora kilikuwa kazi ya agizo. Neal Adams aliitisha mkutano wa kuunda chama cha kupinga jambo hilo, lakini wengi walikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, nao wakasaini.

Kisa cha Kirby hapa ni cha kusikitisha hata kwa mtu aliyezoea mahakama. Katika miaka ya 1980 kampuni ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao halisi, ambazo zina soko kwa wakusanyaji. Wengine walipewa hati fupi ya kusaini. Yeye alipewa ya kurasa nne iliyomtaka akane madai yote. Alikataa, wachoraji na waandishi wenzake wakapiga kelele, na mwaka 1987 alipata kurasa 2,000 hivi, kati ya zaidi ya 10,000 zinazokadiriwa kuwa alizichora. Alifariki 1994. Mwaka 2009, Disney ilipotangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4, watoto wake walituma notisi za kusitisha. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: baba yao hakuwa na ajira ya kudumu wala bima, alichorea nyumbani kwake, penseli alinunua mwenyewe, na Marvel ilikuwa huru kukataa ukurasa bila kuulipia. Mahakama ya mwaka 2011 na ile ya rufaa ya 2013 ziliamua kwamba hata hivyo kazi ilifanyika kwa agizo na kwa gharama ya Marvel. Mwezi Septemba 2014, siku chache kabla Mahakama ya Juu haijajadili kama italipokea shauri, pande mbili zilipatana kwa masharti ya siri. Wakili yeyote atakuambia kwamba kampuni iliyoshinda mara mbili hailipi katika hatua hiyo kwa ukarimu. Kulikuwa na hatari kwamba hukumu ingegusa filamu, muziki na mengi mengine.

Warithi wa Siegel walifika mbali kidogo zaidi, kwa kuwa Superman alikuwa ameumbwa kabla ya kuuzwa na hivyo hakuweza kuitwa kazi ya agizo. Mwaka 2008 jaji aliwarudishia sehemu ya haki za hadithi ya kwanza. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilisema kwamba barua ya mwaka 2001, ambayo wakili wao wa zamani aliiandika kukubali masharti ya kampuni, ilikuwa mkataba kamili. Barua moja ilifuta kesi ya miaka mingi.

Tena sheria ya Marekani haimpi mchora katuni haki ya kutajwa jina. Bill Finger alimjenga Batman pamoja na Bob Kane mwaka 1939, lakini aliyejadiliana na kampuni ni Kane, naye akahakikisha anatajwa peke yake. Finger alifariki 1974. Jina lake lilianza kuandikwa rasmi mwaka 2015. Huko kwenu Kenya mngekuwa na nafuu, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa hata baada ya kuuza haki za kiuchumi. Lakini msijipongeze haraka. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana kuzuia uhamisho huo au kuuwekea mipaka. Kijana anayechora kwa maneno ya simu tu, bila karatasi, amekwisha kuuza.

Mlushois wa Brussels

Naomba nichangie kutoka upande wa Ulaya, kwa sababu mnazungumza kana kwamba mambo haya ni ya Marekani peke yake. Hapa Brussels, mwezi Januari 1956, wachoraji na waandishi wa katuni walikutana kuandaa hati ya madai yao kuhusu malipo na haki. Habari zilimfikia mwajiri, na René Goscinny akafukuzwa; Albert Uderzo na Jean-Michel Charlier wakaondoka pamoja naye. Miaka mitatu baadaye watu haohao walishiriki kuanzisha jarida la Pilote, ambamo Asterix alizaliwa. Wachoraji wetu wa Kinshasa na Lubumbashi wanaokuja kutafuta wachapishaji hapa wanakipenda sana kisa hiki, na si vigumu kuona sababu.

Ufaransa nako kulikuwa na 1954 yake, ila ilitangulia. Sheria ya Julai 1949 kuhusu machapisho ya watoto ilitokana na shinikizo la Wakatoliki na Wakomunisti, watu ambao kwa kawaida hawakukubaliana hata kuhusu hali ya hewa. Wote walizungumzia maadili ya watoto, na wote walijua kwamba sheria hiyo ingepunguza katuni za Marekani katika maduka ya Ufaransa. Wachoraji wa Ufaransa na Ubelgiji walipata kazi zaidi kutokana na hofu ileile iliyowanyima kazi wenzao wa New York. Kwa hiyo, ndugu Wino, sikubali kwamba ugomvi wa kisiasa humdhoofisha mchoraji kila mahali. Inategemea soko linafungwa dhidi ya nani.

Wino Mkavu

Nakubali, na ninashukuru kwa kisa cha 1949, sikukifikiria upande huo.

Mwalimu wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Nina maswali mawili ya nyongeza. Kwanza, je, magomvi ya sasa kuhusu rangi na dini za mashujaa yanafanana na yale ya 1954, au ni kelele za mitandaoni tu? Pili, namwelekea Wakili: mmoja wa vijana wangu ameletewa mkataba na mchapishaji wa nje, wenye malipo kwa ukurasa na kifungu kinachosema kwamba yote atakayochora ni kazi ya agizo. Wanamwahidi kwa maneno kwamba haki zitamrudia kitabu kikikoma kuchapishwa. Aombe nini?

Wino Mkavu

Kwa swali la kwanza, nitataja visa viwili, uvipime mwenyewe.

Mwezi Aprili 2017 mchoraji wa Indonesia, Ardian Syaf, aliingiza alama katika toleo la kwanza la X-Men Gold: kwenye fulana ya mhusika mmoja aliandika rejea ya Sura ya Al-Maida, aya ya 51, na mahali pengine akaweka namba 212. Msomaji wa New York hakuona kitu. Msomaji wa Jakarta alielewa mara moja, kwa kuwa aya hiyo ilikuwa ikitumiwa kumpinga gavana Basuki Tjahaja Purnama, Mkristo mwenye asili ya Kichina, na 212 ni tarehe ya maandamano makubwa ya 2 Desemba 2016 dhidi yake. Marvel iliziondoa alama hizo katika nakala zilizofuata na kuvunja mkataba wake. Sina hamu ya kumtetea. Kupenyeza ujumbe dhidi ya jamii ndogo katika hadithi ambayo tangu 1963 imehusu watu wanaobaguliwa ni jambo baya, tena alilifanya katika kurasa zinazobeba pia majina ya wenzake. Ila tazama mchoraji wa mbali anavyoondoka: haki za kurasa zinabaki kwa kampuni, yeye habaki na umiliki wowote.

Mwaka 2019 mchora katuni Art Spiegelman aliombwa aandike utangulizi wa mkusanyo wa hadithi za kale za Marvel. Alimfananisha rais wa Marekani wa wakati huo na adui wa Captain America aitwaye Red Skull. Aliambiwa aondoe sentensi hiyo kwa kuwa Marvel haitaki kuegemea upande wowote wa siasa. Akakataa, akauondoa utangulizi wake wote na kuuchapisha kwenye gazeti la Guardian. Mwenyekiti wa Marvel wakati huo, Ike Perlmutter, alikuwa rafiki na mfadhili wa rais huyohuyo. Kampuni inayotajirika kwa shujaa aliyempiga Hitler ngumi inapaswa kuona haya kidogo inaposema haina siasa.

Magomvi ya wasomaji wenyewe, yale ya kulaumu wanawake na watu Weusi kwamba wameziharibu katuni, yananichosha. Wahariri na waandishi, hasa wanawake, wametukanwa na kutishwa katika magomvi hayo, na hilo si dogo. Lakini mwaka 2021, mwandishi Ed Brubaker alipoeleza kwamba kuonekana kwake kwa muda mfupi tu katika filamu ya Winter Soldier kumemwingizia fedha nyingi kuliko kazi ya kumtunga mhusika Winter Soldier, habari hiyo ilizungumzwa siku chache ikapita. Mwaka huohuo wafanyakazi wa ofisi ya Image, kampuni iliyoanzishwa 1992 na wachoraji walioikimbia Marvel ili wamiliki kazi zao, walitangaza kuunda chama chao cha wafanyakazi. Sikuona wale wanaopigania roho ya katuni wakilizungumzia hilo kwa nguvu ileile.

Wakili wa Mrima

Kuhusu kijana wako, Mwalimu: kabla ya jambo lolote, ahadi ya maneno aidai kwa maandishi, kisha asiikubali kama ilivyo. Mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons walikuwa na kifungu cha namna hiyo katika mkataba wa hadithi yao ya Watchmen, kwamba haki zitawarudia kitabu kitakapokuwa hakipo tena sokoni. Wakati huo hadithi za katuni zilikuwa hazidumu madukani, hivyo kifungu kilionekana kizuri. DC iliikusanya hadithi hiyo kuwa kitabu mwaka 1987 na haijaacha kukichapisha hadi leo. Siku hizi, ambapo faili la kielektroniki laweza kukaa dukani bila kumgharimu mwenye duka chochote, kifungu hicho hakina thamani kabisa. Aombe kiandikwe kwa idadi ya mauzo: nakala zikishuka chini ya kiasi fulani kwa miaka miwili mfululizo, haki zirudi kwake bila kuandikiana barua nyingi.

Kifungu cha kazi ya agizo apendekeze kiondolewe na badala yake iwekwe leseni, yaani ruhusa ya kuchapisha kwa lugha zilizotajwa na kwa miaka iliyotajwa. Filamu, michezo ya kompyuta na vikaragosi viachwe nje, au vipewe asilimia yake. Kurasa halisi na mafaili yenye tabaka zote yabaki mali yake. Jina lake litokee kwenye jalada, si katika ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wakikataa yote isipokuwa moja, mimi ningechagua leseni ya miaka maalumu, kwa kuwa hiyo humrudishia kazi yake hata kama hana fedha za kumlipa wakili. Na kama kuna mhusika aliyekwisha kumchora kabla ya mkataba huu, michoro hiyo iandikwe tarehe na nakala ihifadhiwe mahali salama kabla hajasaini chochote.